Majina bila Sentensi: Kiswahili katika Kazi za Ajabu Zilizokusanywa Westlands

1. Utangulizi

Makala haya yanahakiki yaliyomo katika mkoba mmoja. Mkoba huo niliujaza Jumamosi moja katika ukumbi mmoja wa Westlands, Nairobi, ambamo mashabiki wa hadithi za ajabu, hadithi za kisayansi na vibonzo walikuwa wamekutana kuuziana vitabu na picha, kuwasikiliza wasanii wao, na kuvaa kama wahusika wawapendao. Nilitoka na vijitabu 9 na picha 4. Vyote vilitungwa na kuchorwa na vijana wa hapa nchini, na kwa kadiri nijuavyo hakuna hata kimoja kilichowahi kuhakikiwa katika jarida la Kiswahili.

Huenda msomaji akauliza kama vitu vya namna hii vinastahili nafasi katika kurasa hizi. Naamini vinastahili, kwa kuwa vinatuuliza sisi walimu wa Kiswahili swali ambalo hatuna budi kulijibu. Watunzi hawa walisomeshwa Kiswahili tangu darasa la kwanza, na wengi wao wamekifanyia mtihani wa taifa mara mbili. Hata hivyo, wanapoketi kubuni ulimwengu mpya, hukichukulia Kiswahili majina tu: jina la shujaa, jina la mji, jina la upanga. Sentensi zote wanazotamka mashujaa hao huziazima kwa Kiingereza. Dai la makala haya ni kwamba hali hii haikuletwa na upungufu wa lugha, wala na dharau ya vijana. Imeletwa na jinsi Kiswahili kilivyogawiwa kazi nchini mwetu, na sisi wahakiki tumeshiriki katika mgawanyo huo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi. Baadhi ya wataalamu hutumia neno fantasia. Mimi nimechagua 'kazi za ajabu', kwa sababu neno ajabu limekwisha kufanya kazi hii katika lugha yetu kwa muda mrefu: tafsiri ya kitabu cha Lewis Carroll iliyochapwa London mwaka 1940 iliitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, na tafsiri mpya ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2015 imelihifadhi neno hilo hilo. Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliifunga dhana hii katika kusita kwa msomaji, asiyejua kama jambo asomalo lina maelezo ya kawaida au la. Kipimo hicho hakitufai sana. Msikilizaji wa utenzi hasiti: anaposikia kwamba silaha zote zimeshindwa kumwua Liyongo isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, hustaajabu na kuendelea kusikiliza. Kwetu ajabu ni mastaajabu, na mastaajabu si shaka.

2. Mkutano na mahali pake

Mikutano ya mashabiki ina historia inayojulikana. Mkutano wa kwanza wa dunia wa mashabiki wa hadithi za kisayansi ulifanyika New York mwaka 1939. Ule wa vibonzo wa San Diego ulianza mwaka 1970, na ule wa Tokyo, ambao wauzaji wake ni mashabiki wenyewe wenye vijitabu walivyojichapishia, ulianza Desemba 1975. Mkutano wa dunia haujapata kufanyika barani Afrika. Nairobi ilianza kuwa na mikusanyiko yake katika miaka ya 2010, na NAICCON ndio uliofahamika zaidi.

Mwandishi wa makala haya alihudhuria ule wa dunia mara moja, ulipofanyika London Agosti 2014, alipokuwa akikamilisha shahada ya uzamili huko. Yaliyomvutia hayakuwa mavazi, bali watu wazima waliokuwa na orodha mikononi, wakipita meza baada ya meza kutafuta toleo moja dogo lililokosekana katika mikusanyo yao. Nitalirudia jambo hili baadaye.

Ukumbi wa Westlands haukuwa wa ukubwa huo, lakini mahali penyewe pana maana. Westlands iko magharibi ya katikati ya jiji, ukipita Museum Hill na bewa la Chiromo. Hapo ndipo lilipo jengo la Sarit Centre, lililofunguliwa mwaka 1983, na ambamo Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yaliyoanza mwaka 1998, yamefanyika kwa miaka mingi. Nimeyahudhuria maonyesho hayo mara kadhaa. Wengi wanaoyajaza ni wanafunzi waliovaa sare, wakiongozwa na walimu, na wachapishaji huwapangia mbele vitabu vya kiada na vitabu teule. Kiswahili kipo hapo kwa wingi, katika vitabu vya sarufi, mazoezi ya ufahamu na miongozo ya tamthilia.

Katika mkutano wa mashabiki hapakuwa na sare wala walimu. Nilikuwa nimevaa koti na tai, kama nilivyozoea kuvaa kazini, na kijana mmoja aliyejifunga mabawa ya sponji akaniuliza kwa adabu nimeigiza mhusika gani. Sikuwa na jibu. Hapo nilianza kuelewa kwamba mtaa huo mmoja unakaribisha mikusanyiko miwili ya vitabu. Katika mmoja Kiswahili ni mwenyeji lakini hana furaha. Katika mwingine furaha imejaa tele, na Kiswahili ni mgeni wa mlangoni.

3. Majina bila sentensi

Katika vijitabu 9 nilivyonunua, 7 vina mashujaa au miji yenye majina ya Kiswahili: wamo Nuru, Radi, Shujaa, Kivuli, iko miji iitwayo Giza na Mwanga. Katika 7 hivyo, 6 vina viputo vya maneno vilivyoandikwa kwa Kiingereza kitupu. Kimoja tu kinachanganya Kiingereza na Sheng. Hakuna hata kimoja ambacho wahusika wake wanazungumza Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Namna hii ya kulitumia neno la Kiswahili haikubuniwa Nairobi. Mwaka 1966 kipindi cha televisheni cha Marekani, Star Trek, kilimleta Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols. Jina lake limetoka katika neno uhuru, ila irabu ya mwisho imebadilishwa ili lisikike kuwa la kike. Mwanaisimu atatabasamu: Kiswahili hakina jinsia ya kiume na ya kike katika nomino zake, na hakuna kanuni yetu inayoigeuza u kuwa a kwa sababu mwenye jina ni mwanamke. Kanuni hiyo ni ya Kilatini na jamaa zake. Kwa maneno mengine, neno letu lilipanda chombo cha anga likiwa limekwisha kuvuliwa sarufi yake. Mwaka 1994 filamu ya The Lion King ilimwita simba Simba na rafiki Rafiki, jambo lililo sawa na kumwita mtu Mtu. Sentensi moja fupi ya Kiswahili iliyopata bahati ya kutamkwa mle, hakuna matata, Disney waliisajili mwaka 2003 kuwa alama yao ya biashara kwa nguo.

Wasanii wetu hawafanyi hivyo kwa nia ya Hollywood. Anayeuza jina geni kwa watazamaji wasiolijua anauza pambo. Kijana wa Nairobi anayempa shujaa wake jina la Nuru analijua jina hilo tangu utotoni. Pengine ni la shangazi yake. Anataka shujaa awe wa kwao. Lakini hata katika kazi iliyosifiwa sana ya aina hii kutoka nchini mwetu, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009 inayoonyesha dunia iliyokaukiwa na maji, jambo ni hilo hilo: jina la filamu ni Pumzi, na mazungumzo ni ya Kiingereza. Jina linaahidi, nayo sentensi haitimizi. Msomaji anafunguliwa mlango wenye kibao cha Kiswahili, kisha ndani anapokelewa kwa lugha nyingine.

Hapa sharti tutenganishe jina na sentensi kwa makini. Jina huonyesha tu asili ya mtu. Sentensi ndiyo hubeba fikira, hasira, mzaha, uongo na kiapo. Shujaa aliye na jina la Kiswahili na sentensi za Kiingereza ameambiwa atokako, lakini hakuruhusiwa kufikiri kwa lugha ya huko.

4. Lugha tatu, kazi tatu

Kwa nini imekuwa hivi? Nilipowauliza wauzaji watatu, wawili walitaja soko. Wanunuzi wa Westlands, walisema, husoma Kiingereza. Isitoshe, kazi ya Kiingereza yaweza kuuzwa hata Lagos na London. Hoja hii ina ukweli. Bei ya kijitabu kimoja ilinigharimu kama chakula cha mchana, na aliyelipa kiingilio na nauli kabla ya hapo si mtu wa kipato cha chini.

Tukitazama vibonzo vyote vya nchi hii, tunaona mgawanyo wa kazi ulio wazi. Gazeti la vibonzo la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 na kupata tuzo ya Emmy ya kimataifa mwaka 2012, liliandikwa kwa Sheng na kugawiwa bure, likiingizwa ndani ya Daily Nation. Maudhui yake ni ya maisha halisi: kazi, kilimo, kura, afya. Kazi za ajabu za Westlands, kwa upande wake, zimeandikwa kwa Kiingereza na huuzwa. Nacho Kiswahili sanifu, tangu mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya somo la lazima na la kutahiniwa mwaka 1985, kimejaa katika vitabu vya shule. Basi kijana asiye na pesa anapewa uhalisia kwa Sheng. Mwenye pesa ananunua ndoto kwa Kiingereza. Na wote wawili hufanya mtihani kwa Kiswahili. Lugha ya taifa, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeifanya pia kuwa lugha rasmi, imekuwa lugha ya alama.

Mgawanyo huu si wa tangu hapo. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu wake kwa Kiswahili katika gazeti la Taifa kwa miongo kadhaa, na wasomaji wake hawakuwa watahiniwa. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Kul Graphics ya Nairobi ilitoa mfululizo wa ngano za Kiafrika kwa picha ulioitwa Pichadithi, Terry Hirst akiwa miongoni mwa wasanii wake. Jina hilo ni uundaji wa neno uliofana: picha na hadithi zimeunganishwa, silabi moja ikadondoka, na sikio halikuumia. Lakini nakala nilizo nazo nyumbani, nilizozinunua katika vibanda vya vitabu vikuukuu vya katikati ya jiji, zina simulizi za Kiingereza. Kumbe hata wakati huo jina lilikuwa letu na sentensi zilikuwa zimeanza kuhama.

5. Kosa letu wahakiki

Mtu wa tatu niliyemwuliza hakutaja soko. Alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, na amenipa ruhusa ya kulieleza jambo hili bila jina lake. Picha aliyokuwa akiiuza ndiyo bora kuliko zote nilizoziona siku hiyo. Inamwonyesha Fumo Liyongo kisimani, amepiga goti, upinde umevutwa, mshale uko tayari. Amekwisha kufa, lakini watu wa mji hawajajua. Tunakumbuka kutokana na simulizi kwamba walikaa bila kuthubutu kuteka maji. Msanii ameuweka mji wote nyuma yake katika foleni ndefu, na mikononi mwa watu hakuna mitungi ya udongo: kuna mitungi ya plastiki ya rangi ya njano, kama ile tunayoiona katika mitaa isiyo na maji ya mfereji. Kwa badiliko hilo moja, hofu ya karne nyingi zilizopita imekuwa kiu ya leo. Hakuna aliyepakwa rangi ya huzuni. Wanangoja tu, kama watu wanavyongoja foleni. Fani na maudhui vimekutana bila kelele. Udhaifu wake uko katika silaha: ngao iliyo chini ni ya askari wa Ulaya ya kale, haikutoka Pate wala Ozi. Chini ya picha pana maelezo ya mistari miwili kwa Kiingereza.

Nilimwuliza kwa nini hakuandika kwa Kiswahili. Akacheka kidogo, akasema, "Mwalimu, niliandika. Ulinipa alama 11 kwa 30."

Nilikumbuka. Miaka kadhaa iliyopita, katika zoezi la utunzi, aliniletea hadithi ya Liyongo anayefufuka wakati wa ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Pambizoni niliandika kwa wino mwekundu: jamii iko wapi? Niliona mfu akitembea, sikuona jamii. Kumbe jamii ilikuwa imesimama kwenye foleni ya maji, nami sikuisoma. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba tangu siku hiyo alijua Kiswahili ni cha mambo ya kweli.

Ninalieleza kosa hili kwa sababu halikuwa langu peke yangu. Ni mazoea ya uhakiki wetu. Tunaposoma kazi ya ajabu kwa Kiswahili, huharakisha kuifasiri kuwa kitu kingine. Tukifundisha Kusadikika ya Shaaban Robert (1951), tunafundisha utawala wa kikoloni. Tukifika Adili na Nduguze (1952), ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani na kuchapwa kila usiku na ndugu yao mwenyewe, huku naye akilia, tunaorodhesha maadili, na hatusemi neno juu ya hofu ya kisa chenyewe: kumpiga mnyama ukijua ni ndugu yako. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi tumezifanya mihadhara ya falsafa. Bina-Adamu! ya Wamitila (2002), ambayo msimulizi wake anazunguka dunia akimsaka kiumbe aitwaye P.P., tumeifanya somo la utandawazi. Tafsiri hizo zote ni sahihi, nami nimezifundisha. Lakini mwanafunzi anayesikia kila mwaka kwamba jini si jini bali ni ubepari, mwishowe huelewa kwamba Kiswahili hakiruhusu jini awe jini. Akitaka jini wa kweli, huenda kumtafuta katika lugha nyingine.

Sisemi turudi katika uhakiki usiojali jamii. Picha ya kisimani imenifundisha kinyume: ajabu ikiachwa iwe ajabu, huifikia jamii kwa njia yake yenyewe, na pengine huifikia upesi zaidi. Wala hatukosi mizizi. Utenzi wa Rasi'lGhuli una beti zaidi ya 4,000 za vita na viumbe vya kutisha, na waliousikiliza hawakuwa wakitafuta majibu ya mtihani.

6. Uwezo wa lugha

Wauzaji walitoa pia hoja ya kiufundi, na inastahili jibu la kiufundi. Walisema maneno ya Kiswahili ni marefu, nacho kiputo ni kidogo. Ni kweli kwamba neno kama atakapowasimulia lina silabi 9. Lakini neno hilo moja limebeba mtenda, wakati, mahusiano ya wakati na watendwa, mambo ambayo Kiingereza huyatandaza katika maneno sita au zaidi. Tatizo ni kwamba msanii huandika kwanza kwa Kiingereza, huchora kiputo kwa kipimo cha Kiingereza, kisha hujaribu kuingiza Kiswahili ndani yake. Kanzu iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine itakubana hata ukiwa mwembamba. Juha Kalulu hakupata shida hiyo, kwa sababu alichorwa akiwa tayari anasema Kiswahili.

Zaidi ya hayo, sarufi yetu ina vifaa vya ajabu ambavyo Kiingereza hakina. Chukua upatanisho wa kisarufi. Tukisema mti umeanguka, tumesema jambo la kawaida. Tukisema mti ameanguka, kiambishi kimoja kimempa mti roho. Msomaji amejua kwamba huyu ni kiumbe, na huenda ameanguka kwa hiari yake. Kisima kimelala ni sitiari. Kisima amelala ni mwanzo wa hadithi. Bibi zetu walipotusimulia kwamba kibuyu akamwambia mtoto, hawakuwa wamekosea sarufi: walikuwa wakitumia sarufi kuvuka mpaka wa kitu na kiumbe. Mwandishi wa Kiingereza akitaka kuuvuka mpaka huo hulazimika kueleza. Sisi twabadilisha herufi moja tu. Na bado, mara ngapi tumeikata herufi hiyo kwa wino mwekundu?

Aidha tunao ukubwa na udogo. Nyoka akikua huwa joka. Joka likipungua huwa kijoka. Mtu huwa jitu, na jitu huwa kijitu. Mtunzi anaweza kumkuza na kumpunguza mhusika ndani ya sentensi moja kwa kubadilisha ngeli, na hofu ya msomaji ikapanda na kushuka pamoja nayo. Tena tunayo -ka- ya masimulizi, inayolisukuma tukio mbele bila kiunganishi: akaja, akatazama, akageuka jiwe. Kwa vibonzo, ambavyo kila kisanduku ni tukio moja, sijui kifaa kilicho bora kuliko hiki.

Mfano wa mwisho ni wa riwaya. Katama Mkangi, katika Walenisi (1995), alimrusha mhusika wake mbali na nchi ya dhuluma hadi nchi isiyojulikana. Msomaji wa Kiswahili akilitamka polepole jina la nchi hiyo husikia: wale ni sisi. Jina ni sentensi nzima. Mkangi hakuichukulia lugha yake kuwa ghala la majina yenye mlio mzuri; alilifanya jina lenyewe liseme, na linalosema ndiyo hoja ya kitabu kizima. Hakuna tafsiri inayoweza kulihamisha jina hilo bila kulivunja. Hivyo ndivyo Kiswahili hufanya kinaporuhusiwa kuubuni ulimwengu, badala ya kuupamba tu.

7. Kukusanya ni kuhakiki

Nirudi kwa wale watu wazima wa London wenye orodha. Mwanzoni niliwaona kama watu waliokataa kukua. Baadaye nilijifunza kwamba mikusanyo ya aina yao ndiyo iliyozaa taaluma. Mwaka 1970 mwandishi Judith Merril aliipa maktaba ya umma ya Toronto vitabu na majarida yake yapatayo 5,000. Leo mkusanyo huo, uliokua mara nyingi, huitwa kwa jina lake na hutumiwa na watafiti. Chuo Kikuu cha Liverpool nacho kimehifadhi mkusanyo mkubwa wa hadithi za kisayansi. Vijitabu vilivyodharauliwa viligeuka kuwa hazina kwa sababu mtu alivinunua, akavitunza, akaviorodhesha.

Katika mwaka huo huo wa London nilitumia saa nyingi katika maktaba ya SOAS nikitazama miswada ya Kiswahili. Baadhi yake imeandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mtu aliyekuwa mshairi, mnakili, mwandishi wa hati nzuri na mchonga mbao. Ndiye aliyetunga Utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913. Alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, akizipamba kwa mkono wake, na kazi hizo zikaishia Uingereza na Ujerumani. Hatuna haki ya kuwalaumu waliozikusanya. Bila wao huenda zingeliwa na mchwa. Lakini mwalimu wa Nairobi anayetaka kuiona hati ya mtu wa Lamu alilazimika, kama mimi, kupanda ndege. Kijumwa naye aliuza vitabu na sanaa kwa mashabiki. Ila mashabiki waliokuja kununua walitoka mbali.

Kwa hivyo nilipomlipa mwanafunzi wangu kwa M-Pesa na kuikunja picha yake ndani ya karatasi, niliona kwamba kununua ilikuwa hatua ya kwanza ya uhakiki. Vijitabu hivi huchapwa nakala chache, hufungwa kwa pini, na vingi havipiti kwa mchapishaji. Baada ya miaka kumi havitapatikana. Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila idara ya Kiswahili nchini itenge kasha moja na fedha kidogo, na imtume mwalimu mmoja katika mikutano hii kila mwaka akusanye, aandike tarehe na mahali, na ahifadhi. Pili, jarida hili na mengine yatoe nafasi kwa uhakiki mfupi wa kazi hizo, hata zile za Kiingereza, ili watunzi wajue kwamba kuna macho ya Kiswahili yanayowasoma. Tatu, katika kozi zetu za utunzi tumruhusu mwanafunzi aandike jini aliye jini, na tumsahihishe sarufi yake kwa kuuliza kwanza kama kosa hilo ni kosa.

8. Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba majina ya Kiswahili katika kazi za ajabu za Westlands si dalili ya lugha inayokua, wala si dalili ya vijana walioikataa. Ni dalili ya mapenzi yaliyozuiliwa mlangoni. Kijana anayemwita shujaa wake Nuru ameacha nafasi wazi kwa Kiswahili. Ni juu yetu kumwonyesha kwamba sentensi zipo na kwamba hakuna atakayezipa alama 11.

Picha ya kisimani sasa imetundikwa ofisini mwangu, juu ya meza ninayosahihishia. Nimemwomba mwenyewe aniandikie maelezo mapya ya chini kwa Kiswahili. Ameniambia atafikiri. Nafasi ya karatasi nimeiacha tupu.